Mtoto Wetu Anafungwa Utepe Kiunoni, na Baba Yake Hataki Kuufungua

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa kazini, nimekalia furushi la mashuka machafu maana hapa ndipo ninapopata nafasi ya kukaa bila mtu kuniita, na kama mwandiko unapanda na kushuka unisamehe, shule niliishia njiani, ila moyo umenijaa na nisipoutua kwako sijui nitautua wapi. Naomba unisaidie kabla ya Jumatatu ambayo shule zinafunguliwa, na kwa nini Jumatatu nitakueleza.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, anakaribia kutimiza miaka minne. Nasema mmoja lakini walikuwa wawili. Kazi yangu ni kufua na kunyoosha mashuka katika nyumba ya wageni, natoka nyumbani bado kuna giza na narudi jua limechoka, kwa hiyo anayemlea mtoto ni baba yake. Mume wangu ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kazi kilichotazama barabara, ndani mna cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, kabati la nguo zinazosubiri wenyewe na kioo kirefu chenye ufa. Humo ndimo mwanangu alimokulia.

Sitaki umdhanie vibaya mume wangu kwa nitakayoyasema mbele, kwa hiyo niache kwanza nimsifie. Mwanaume huyu anamlea mtoto kuliko wanawake wengi ninaowajua. Uji anaupoza kwa kuuhamisha kikombe hadi kikombe, anaugusa kwa mdomo wake ndipo ampe. Anamwogesha, anampaka mafuta mpaka nyuma ya masikio ambako mimi husahau. Mtoto akitaka kujisaidia cherehani inasimama, hata kama mteja yuko mlangoni ananung'unika. Rangi zote mtoto kazijulia kwenye nyuzi, ukimwuliza hii rangi gani hakwambii nyekundu tu, anakwambia hii ni nyekundu ya zipu na ile ni nyekundu ya shati la yule babu. Vipande vya kitambaa anavipanga chini ya meza, anasema ni nyumba za watu na kila nyumba ina mtu wake. Wateja wamempa jina la Meneja kwa sababu muda wote yuko ofisini. Mtu akiingia anasema, "Meneja, suruali yangu imekwisha?" naye anajibu, "Bado kidogo, njoo kesho," kama anavyomsikia baba yake, basi mtu anacheka mpaka anasahau hasira, ingawa hiyo kesho yenyewe aliambiwa tangu juzi.

Mtu akiyasikia hayo atasema huyu mwanamke analia nini sasa, kapewa mume anayelea.

Mshauri, kabla ya Meneja tulikuwa na binti. Tulimwita Dada tangu hajajua kusema, kwa sababu alikuwa na mambo ya kikubwa, akikukuta umekaa miguu wazi anakwenda kukuletea kandambili zako, moja moja. Mimi mtaa mzima nikaitwa Mama Dada. Alikuwa na umbo dogo, mabega membamba, ukimbeba ni kama umebeba kuku, lakini miguu yake ilikuwa myepesi. Alikuwa hajafika miaka mitatu. Wakati huo mbele ya maduka walikuwa wanachimba mtaro wa mabomba, wachimbaji wakauacha wazi na mvua ikaujaza. Ulikuwa msimu wa sare za shule, kazi zimempanda mume wangu hadi kichwani, cherehani inanguruma tangu asubuhi. Alinieleza mwenyewe mara moja tu, siku ile ile, hajarudia tena. Kwamba alikuwa anapachika mkono wa shati, akamwona Dada amesogea mlangoni, akamwambia bila kuinua kichwa, "Dada, usiende mbali." Dada akaitika, "Haya baba." Akaendelea kupachika mkono wa pili. Alipoinua kichwa mlangoni hapakuwa na mtu.

Mimi nilikuwa hapa hapa kwenye mashuka. Waliponijia nilikuwa na pasi mkononi, mwenzangu mmoja akaipokea, akaizima.

Msibani watu walisema waliyosema. Mama mkwe wangu, yeye aliyemzaa mume wangu, alisema mbele ya wanawake wote, "Mwanaume halei. Mwanaume anaangalia tu." Shangazi yangu alisema makubwa kuliko hayo, sitaki kuyaandika. Lakini mimi, Mungu ni shahidi, sikumwambia mume wangu neno baya hata moja juu ya Dada, si siku ile wala mpaka leo hii. Nilinyamaza. Nilijua ameumia, nikasema nisimwongezee. Nguo za Dada nilizifunga nikampa mama mkwe aondoke nazo, na jina lake ndani ya nyumba hatulitaji. Watu nao wakajifunza. Meneja alipozaliwa nikawa Mama Mtoto, alipopewa cheo chake nikawa Mama Meneja, hata mume wangu ananiita hivyo.

Sasa nije kwenye utepe. Meneja alipoanza kutembea baba yake alimshonea mkanda wa kiunoni kwa kitambaa laini kile cha ndani ya makoti, akaushona mara mbili usimkwaruze, unafungwa kwa vifungo mgongoni ambako mkono wa mtoto haufiki. Kwenye mkanda huo akaunganisha utepe, na upande wa pili wa utepe anajifunga yeye mwenyewe kiunoni. Urefu wake ni kama meza ya kukatia, hauzidi. Akishona, macho yako kwenye kitambaa na kiuno kiko kwa mtoto, mtoto akisogea anamsikia. Mwanzoni sikuona ubaya, niliona hii ni akili ya fundi. Mtoto akikua anamtanulia mkanda, anambadilishia na rangi, yeye mwenyewe Meneja anachagua. Ila utepe hajawahi kuurefusha.

Watu wameanza maneno. Kuna fundi viatu anayekaa ukuta wa jirani, mdomo wake hauna breki, siku moja nimepita kuwapelekea chakula nikamsikia anamwuliza mume wangu, "Fundi, huyo mbuzi unamchinja lini, tujue tusile nyumbani?" Wateja wakacheka. Mume wangu akaendelea kukanyaga cherehani. Meneja naye akacheka, kwa sababu wengine wanacheka.

Siku yangu ya mapumziko nilimchukua mwanangu nikampeleka kiwanjani watoto wanakochezea. Hana utepe, hana mkanda, hana chochote. Nikamwambia nenda kacheze na wenzako. Akaenda hatua chache akasimama. Nikadhani ameona kitu. Akageuka akanitazama, akasubiri. Mpira ukaviringika ukapita karibu yake, si mbali, mtoto mwingine angeurukia, yeye akanyoosha mkono mpaka vidole vikatetemeka lakini miguu haikutoka pale ilipo. Nikamwambia, "Ufuate baba, ufuate." Akaniambia, "Umeisha, mama." Nikamwuliza nini kimeisha, akajishika mgongoni, pale kunakokaa vifungo. Mshauri, nililia kiwanjani watu wananitazama, nikasema jua limeniingia machoni.

Hapo ndipo nilipokata shauri kwamba mtoto aende chekechea. Mwalimu wa chekechea ni mama mtu mzima, mpole, aliniambia umri wake umefika, nimlete shule zikifunguliwa. Nikamwambia mume wangu.

"Bado mdogo," akasema.

"Wenzake wote wanakwenda."

"Wenzake waache waende."

"Na yeye akae chini ya meza mpaka aote ndevu?"

Baadaye sana, nimeshaacha kutegemea jibu, akasema, "Lete kitambaa nitamshonea sare." Mshauri, nilifurahi mpaka kazini wenzangu wakaniuliza nimeokota nini. Kwa sababu tangu yale ya Dada mume wangu hashoni sare za shule, msimu ukifika anawaelekeza wateja kwa mafundi wengine na sisi tunakula tulichonacho. Nilijiambia sasa Mungu ametukumbuka, mume wangu anarudi.

Nikanunua kitambaa nikampa. Siku aliyomaliza nilikuta shati na kaptula zimetundikwa ukutani, zimepigwa pasi, vifungo vimekaa kama meno, nikageuza ndani nione mishono, hakuna uzi uliochomoza. Nikamwita Meneja tujaribu. Shati halikupita mabegani. Nikalilazimisha, likamwishia juu ya kitovu, kaptula ndiyo usiseme. Na mtoto anashinda naye kutwa nzima, angempima saa yoyote anayotaka. Mume wangu huyu hakosei kipimo, mtu akipita tu barabarani anakwambia yule bega lake moja limeshuka. Nikaona hii ni hila, amefanya kusudi ili mtoto asiende, nikamwambia, "Wewe ni fundi gani? Unanichezea mimi akili?" Alichukua lile shati mikononi mwangu akalitazama muda mrefu, mbele na nyuma, kama analiona kwa mara ya kwanza. Akalikunja, akaliweka juu ya kabati.

Basi nikabaki na hasira yangu. Siku chache baadaye nikapita tena pale kazini kwake, nikakuta mteja anaita kutoka nje, mume wangu akainuka haraka kumwahi, utepe ukamvuta Meneja aliyekuwa amechuchumaa, akaanguka mdomo ukapiga kwenye chuma cha cherehani, ukapasuka. Kuona damu nikapofuka. Nikachukua mkasi wa mume wangu wa kukatia vitambaa, ule ambao hata karatasi haturuhusiwi kukatia, nikaukata utepe vipande viwili mbele ya wateja wake. Nikasema, "Mwanangu si mbuzi." Neno la fundi viatu, mshauri, ndilo lililonitoka mdomoni.

Mume wangu hakugomba. Alifunga mlango watu wakiwa wanazingojea nguo zao, akakaa sakafuni na mtoto mapajani, anamfuta mdomo kwa kitambaa chenye maji, anafuta hata pasipo na damu. Kesho yake alikuwa ameshashona utepe mwingine. Ni mfupi kuliko ule wa kwanza.

Tangu hapo ndani ya nyumba tunaongea habari za chumvi na sabuni tu. Nilikwenda kwa shangazi kulia, akaniambia, "Wewe mpole kupita kiasi. Mwanaume wa namna hiyo dawa yake ni kumshtukiza. Jumatatu ukienda kazini kwako alfajiri toka na mtoto, niletee mimi, nitampeleka shule. Baba mtu akiamka akute kitanda kitupu. Atafoka siku ya kwanza, ya pili atanuna, ya tatu amezoea." Na mimi nimekubali, au niseme sijakataa. Sare nimekwenda kununua dukani, mke wa fundi cherehani nimenunua nguo ya dukani kwa kujifunika mtandio nisionekane, nimeificha hapa kazini katikati ya mashuka safi.

Ila tangu niifiche silali vizuri. Nampenda mume wangu, hanipigi, hanywi, hana mwanamke wa nje, kosa lake ni kwamba anampenda mtoto mpaka mtoto anakosa pumzi. Bado naamini tutakuja kucheka ndani ya nyumba ile, siku nyingine nasikia kabisa tunavyocheka. Lakini siwezi kumwacha mwanangu asimame maisha yake yote pale utepe unapoishia. Je, Jumatatu nimchukue kama shangazi anavyosema? Au nikae ningoje, na nikingoja ninangoja nini? Nisaidie mama yangu, nitashika utakaloniambia.

Ni mimi Mama Meneja.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Dada,

Nimekuita hivyo kusudi, na usinikasirikie, nitafika huko.

Kwanza Jumatatu. Hapana. Hiyo sare itoe kwenye mashuka ya watu uirudishe dukani. Hebu jipe nafasi uione hiyo asubuhi mnayompangia mume wako wewe na shangazi yako. Anaamka, anainua kichwa, mtoto hayupo. Mwanangu, mtu huyu ameshainua kichwa namna hiyo mara moja katika maisha yake. Leo mnataka ainue mara ya pili, na safari hii aliyemtoa mtoto mlangoni ni mke wake. Shangazi anasema siku ya tatu atazoea. Shangazi na azoee yeye. Mwambie umemshukuru kwa chai, mengine umemwachia.

Sasa usidhani nimesimama na mume wako. Kuhusu utepe una haki yote ya kulia. Ulipaswa kutoka siku mtoto alipoweza kuelewa neno "ngoja". Mtoto aliyekwambia "umeisha" pale kiwanjani hana kamba mwilini, kamba imeshaingia kichwani, na huko mkasi haufiki. Ya baba yake nayo iko huko huko, ndiyo maana ulipoukata ulizaa mwingine mfupi zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nawe umetaka kumponya kwa kumrushia unyasi mbele ya wateja. Na kulirudia neno la mbuzi juu ya mwanawe, kwa mdomo wa mama mtu, hilo umuombe radhi. Usiniambie hasira. Damu ya mtoto inatia wazimu, najua, nami nimezaa, lakini radhi inaombwa hata kwa jambo lililofanywa na wazimu.

Halafu lile shati. Umeniandikia vizuri sana mpaka mimi ambaye sijaliona nimeliona, ila wewe uliyelishika mkononi hukuliona. Unasema mume wako hakosei kipimo. Nakuamini. Basi rudi nyumbani, lishushe shati hilo juu ya kabati, litandaze kitandani, utazame mabega yake, yalivyo membamba, na pale linapoishia. Kisha uniambie ni mtoto gani wa nyumba hiyo angeliingia bila kulazimishwa.

Mimi nadhani hakukuchezea akili. Alikaa mbele ya kitambaa cha sare kwa mara ya kwanza tangu mtoto wake afe, na mikono ikakata kipimo ilichokuwa imekihifadhi. Wala hakujua, ndiyo maana alilitazama mbele na nyuma. Alipogundua, aliyekuwa amesimama mbele yake alikuwa anamwuliza yeye ni fundi gani. Ungetaka akujibu nini?

Usijipige kifua kwa majuto, sijamaliza.

Nimeisoma barua yako mara ya pili natafuta kitu kimoja. Umeniambia mama mkwe alisema nini msibani. Umeniambia fundi viatu anasema nini, mwalimu kasema nini, shangazi kasema nini. Umeniambia kwa kiapo kwamba wewe hukumwambia mume wako neno baya hata moja. Vizuri. Na jema je? Katika miaka yote hiyo, nani katika dunia hii amemwambia baba huyu, "Hukumuua mtoto wetu"? Uliona kunyamaza ni kumhurumia. Yeye amekaa ndani ya ukimya huo akiujaza maneno yake mwenyewe, na naapa yale anayojiambia ni mabaya kuliko ya mama yake na ya shangazi yako ukiyachanganya kwenye chungu kimoja. Mtu asiyehukumiwa wala kusamehewa hukaa anangoja. Mume wako anangoja, na mtoto amejikuta anangoja pamoja naye.

Inawezekana ndani yako kuna mahali unamlaumu. Kama papo, sikushangai, wewe ni mama na hukuwepo, na asiyekuwepo hulaumu kwanza yule aliyekuwepo halafu hujilaumu mwenyewe. Usimdanganye. Mwambie, "Kuna siku nilikulaumu, na kuna siku nilijilaumu mimi kwa kwenda kazini. Leo nasema mtaro uliachwa wazi na watu wengine, na wewe ulimwita mtoto naye akakuitika." Useme kwa maneno yako, usikariri ya kwangu. Useme mchana, mmekaa, mikono haifanyi kazi nyingine. Akitoka nje mwache atoke. Akilia usimfute upesi.

Ukishasema hayo, na si kabla, ndipo mambo ya mikono yaanze. Mwiteni seremala apime mlango wa chumba cha kazi, atengeneze kilango cha mbao kinachofika kiunoni kwa mtu mzima, komeo lake likae upande wa nje, juu, mkono wa mtoto usifike. Mlango ukiwa na kilango, mtoto hana haja ya utepe, atazurura humo ndani hadi kwenye kioo, na baba atashona. Nashangaa mtaa mzima umepata nafasi ya kucheka na hakuna aliyefikiria mbao nne na bawaba mbili. Huyo fundi viatu mpe kazi ya kumshikia seremala misumari, mdomo utapumzika.

Chekechea aende, lakini anayempeleka ni baba. Nenda kwa huyo mwalimu mpole, mweleze habari yote bila kuficha, umwombe baba akae kwenye benchi la uani siku za mwanzo. Aone lango linavyofungwa. Alitikise mwenyewe. Amjue anayekaa langoni na ajue wanahesabuje watoto wakitoka kucheza. Fundi haamini kitu mpaka akigeuze aone mshono wa ndani, basi mwacheni ageuze. Siku ya kwanza mtoto akae kidogo warudi, siku zinavyokwenda wazidishe, mpaka baba mwenyewe akumbuke ana kazi za watu zinamngoja. Kuhusu sare, mwombe amshonee nyingine, na siku ya kupima uwepo. Wewe umsimamishe Meneja wima, yeye ashike futi. Akikwama shika upande wa pili wa futi. Lile shati dogo lisichanwe, lisifumuliwe, na asipewe mtoto mwingine.

Siku zako za mapumziko muende kiwanjani wote watatu, wewe na baba msimame mbali na mtoto kuliko mlivyozoea. Hatakimbia siku hiyo hiyo. Na kama utaona huzuni ya mume wako imezidi maneno yenu, hali, hashoni, anaongea habari za kutaka kufa, mpeleke hospitali, siku hizi wapo watu waliosomea kuwasikiliza wenye misiba. Si wazimu huo na si aibu. Ungempeleka kama angechomwa na sindano ya cherehani kidoleni.

Limebaki la Jumatatu. Shule zikifunguliwa mtoto hatapungukiwa na herufi kwa kuchelewa wiki mbili tatu. Wewe omba ruhusa kazini siku hiyo hiyo, mwambie mume wako naye afunge mlango. Hujaniambia kama mmewahi kwenda kaburini kwa binti yenu mkiwa pamoja, na kwa jinsi ulivyoandika nadhani hamjakwenda. Nendeni. Mchukueni na Meneja. Ng'oeni majani, kisha mwambieni huyu hapa alikuwa dada yako, na mumtajie jina lake, lile nililokuitia mwanzo, kwa sauti ya kawaida, kama mnavyomtaja mtu wa nyumbani. Atawauliza maswali, ya kitoto, mengine yatawachoma. Mjibuni yote, mkipokezana, asijibu mmoja peke yake.

Wakati wa kurudi usimbebe, na baba yake asimbebe. Tembeeni nyuma yake mwendo wake. Akitangulia zaidi ya alivyozoea, utamwona mume wako anafungua mdomo kumwita. Mshike mkono, mtoto aende.